Namba 1139 na Namba 5122: Majina Yaliyobaki Nyumbani



Kuna picha moja ambayo wengi wenu mtakuwa mmekutana nayo, hata kama hamkujua mnatazama nini. Wanaume wawili weusi wamesimama bega kwa bega chini ya ardhi, vifua wazi, jasho linawatiririka. Aliyeipiga ni Margaret Bourke-White, mwanamama wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi na jarida la Life. Mwaka ni 1950, na mahali ni mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep, hapa hapa Johannesburg. Hazina ya picha za Life ilipoanza kuwekwa mtandaoni kwa kushirikiana na Google, mwishoni mwa 2008, picha za aina hii zikawa mali ya yeyote mwenye kompyuta. Mwenzenu nikaifungua usiku mmoja, nikasoma maelezo yake. Watu wale wawili hawana majina. Wametajwa kuwa ni namba 1139 na namba 5122.

Kiswahili chetu kilikwishaliona jambo hili zamani. Waliochukuliwa kutoka bara kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro tuliwaita manamba. Hakuna aliyekaa mezani kulitunga neno hilo. Lilitoka vinywani mwa watu waliosikia wenzao wakiitwa kwa tarakimu kila asubuhi, wakaona kuwa hayo ndiyo maelezo yanayotosha. Leo tunalitumia neno hilo bila kulisikia tena. Mimi nililisikia upya usiku ule, mbele ya picha ya watu ambao pengine hawakuwahi kuona mkonge maishani mwao.

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa zaidi ya miaka 20: tunapofurahia kwamba picha, barua na simulizi za wazee wetu sasa ziko mtandaoni, ni kitu gani hasa kilichofika mtandaoni, na ni kitu gani kimebaki nyumbani?

Nianze na langu, maana mtu huanza kukuna panapomwasha. Mimi ni kitinda mimba cha mama aliyezaliwa Rungwe miaka ya 1930. Kaka yake mkubwa, mjomba wangu, aliondoka nyumbani mwaka 1953 kwenda Wenela. Mwaka 1955 alituma barua moja na picha moja. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 2004 nilipomaliza kuhangaika na shahada ya uzamivu Ujerumani na miaka kadhaa ya kufundisha hapa na pale, nikapata kazi Johannesburg. Nikapiga simu nyumbani nikidhani mama atafurahia habari ya mshahara. Akauliza swali moja tu: "Huko unakokwenda ndiko alikokwenda kaka yangu?" Nikasema ndiko. Akasema, "Basi mtafute."

Kwa vijana wasiolijua neno hilo: Wenela ni namna wazee wetu walivyolitamka jina la WNLA, Witwatersrand Native Labour Association, chama kilichoundwa na wenye migodi mwaka 1900 ili kuwatafutia vibarua. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa hapa mwaka 1886, nayo iko chini sana, na mawe yake yana dhahabu kidogo kwa kila tani. Ili faida ipatikane ilibidi kazi iwe rahisi mno. Kwa hiyo mtandao wa Wenela ukatandazwa hadi Msumbiji, Nyasaland na kwingineko. Watu waliotoka kaskazini ya latitudo 22, yaani kaskazini ya eneo la mto Limpopo, waliitwa kwa jumla "watu wa nchi za joto". Walikufa kwa wingi hasa kwa nimonia, hata mwaka 1913 serikali ya hapa ikapiga marufuku kuwaleta. Chuo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa Johannesburg mwaka 1912 kilijaribu chanjo za nimonia kwa wachimbaji hao hao. Katika miaka ya 1930 marufuku ikaondolewa, na baada ya Vita Kuu ya Pili mkono wa Wenela ukafika hadi kwetu, Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika.

Watu wa kwetu hawakuwa wageni wa dhahabu. Tangu dhahabu ya Lupa ilipopatikana mwaka 1922, vijana wa Rungwe walikuwa wakipanda milima kwenda Chunya kuchimba na kurudi. Wengine walikwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Philip Gulliver, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika katika miaka ya 1950 kuhusu safari hizi za kwenda kusini, na maandishi yake bado yana manufaa. Kijana alikwenda kutafuta ng'ombe wa mahari, kodi, baiskeli, cherehani, na heshima ya mtu aliyefika mbali. Muda mfupi baada ya uhuru wa 1961, serikali ya TANU ikaufunga mlango wa Wenela. Malawi waliendelea hadi Aprili 1974, ndege ya Wenela ilipoanguka Francistown na kuua zaidi ya watu 70, wengi wao wachimbaji waliokuwa wakirudi nyumbani. Banda akasimamisha safari. Mwaka 1977 Wenela ikaunganishwa na chama kingine cha kuajiri, ikawa TEBA.

Kwa sababu mlango wetu ulifungwa mapema, tumesahaulika mapema. Wimbo wa Hugh Masekela wa "Stimela", unaozungumzia treni ya wachimbaji, unataja nchi nyingi walikotoka. Tanzania haimo. Ukitembelea Workers' Museum pale Newtown, ambayo ilikuwa kambi yenyewe ya vibarua wa manispaa, ukaona vitanda vya zege walivyolalia watu, utasikia habari za Wasotho, Waxhosa na watu wa Msumbiji. Mnyakyusa utamsikia kama umemleta mwenyewe.

Basi nikaanza kutafuta. Wits wana idara yao ya Historical Papers katika jengo la maktaba ya William Cullen, na katika miaka hii wameweka mtandaoni sehemu kubwa ya orodha zao na nyaraka nyingi zenyewe. Nyaraka za TEBA, ambazo ndizo zilizorithi za Wenela, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Kwa mtu aliyezoea kuomba jalada kwa barua na kusubiri wiki tatu, kuketi sebuleni na kikombe cha chai huku unapekua orodha za miaka ya 1950 ni kama uchawi. Nami sikuwa mchanga wa kazi hiyo. Nilipokuwa Ujerumani nilishinda siku nyingi kwenye picha za wamisionari wa Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891. Nyingi kati ya hizo leo ziko mtandaoni katika mkusanyiko wa picha za kimisheni wa University of Southern California, kama vile Northwestern nao walivyonunua mwaka 2002 mkusanyiko wa Winterton wenye picha za Afrika Mashariki zipatazo 7,500 na kuuweka wazi kwa dunia. Nikajiona mtaalamu. Nikaandika jina la mjomba kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna kitu.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Kompyuta hutafuta kile karani alichoandika, na karani aliandika kile alichodhani amesikia. Majina mengi ya kwetu huanza na Mwa-. Karani asiyeijua lugha alilikata, au akaweka Ma-, au akageuza l kuwa r. Wengine hawakuandikwa kwa jina la ukoo kabisa. Waliitwa Jim, au Sikspeni, au Januari kwa sababu walifika mwezi huo. Na wengine, tusisahau, walidanganya makusudi. Mtu aliyekuwa amekataliwa mwaka jana kwa sababu ya kifua alirudi mwaka huu na jina la binamu yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwamo kwenye jalada na bado asionekane. Ili umpate inabidi ujue Kinyakyusa kinavyosikika sikioni mwa Mwingereza au Kaburu. Huo ni utaalamu ambao haufundishwi kwenye kozi yoyote ya nyaraka za dijitali. Tunao sisi, bure, na hatuutumii.

Hapa Johannesburg kuna mfano mmoja mkubwa wa namna ya kutoka kwenye shimo hili. Charles van Onselen, mwanahistoria wa Wits, mwaka 1996 alitoa kitabu kiitwacho "The Seed Is Mine", maisha ya mkulima mmoja mweusi asiye na shamba lake, Kas Maine. Katika kumbukumbu rasmi za serikali mtu huyo aliacha alama moja tu: alikamatwa mwaka 1931 kwa kutokuwa na leseni ya mbwa, akatozwa faini. Mengine yote, miaka na miaka ya kilimo, ndoa, ng'ombe na kuhamahama, yalitoka kwenye mahojiano, kwa mzee mwenyewe na jamaa zake. Nilipokisoma nilikumbuka picha moja ya kimisheni ambayo sitasema ni ya nani: mbwa wa nyumba ameandikwa jina lake, mpishi aliyeshika sufuria kando yake hakuandikwa. Mbwa wetu, jamani, wana bahati kwenye nyaraka.

Nasi Watanzania tusijidai kuwa tumejifunza simulizi kwa wenzetu wa kusini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya akina Gwassa na Iliffe, kilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kuwasikiliza wazee waliopigana Maji Maji. Walijua kwamba jalada la Mjerumani linamwonyesha mtu pale tu anapopigwa risasi au anaponyongwa. Sisi ndio tuliowahi. Tukaacha.

Mwaka 2016 nilikwenda likizo nyumbani na kompyuta ndogo iliyojaa picha nilizokuwa nimezikusanya. Kwanza nikamwonyesha mama wale wawili wa Bourke-White. Nilijua hawakuwa mjomba, maana picha ilipigwa miaka mitatu kabla hajaondoka. Nilitaka tu aone kaka yake alikuwa akifanya kazi ya namna gani. Mama akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu si wetu." Halafu akaongeza, "Lakini ni wa mtu. Hawa wana kwao." Akaniuliza wanaitwa nani. Nikamweleza kuwa wameandikwa namba. Akanitazama mimi, si picha, kama mtu anayetaka kujua hizo shule nilisomea nini.

Siku ya pili akanipeleka kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa amefanya mikataba miwili ya Wenela mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina lake sitalitaja hapa. Mzee alikuwa mchangamfu, bado anakumbuka Kifanakalo, ile lugha ya mgodini ya amri. Akatuchekesha kwa kumfokea mjukuu wake "Checha!" na mtoto akakimbia kweli bila kujua maana. Alitazama picha za treni, za kambi, za magunia ya unga, na kila moja akairekebisha: hii si sare ya wapishi, ni ya wapagazi wa hospitali, hapa si kambini, ni kituo cha mapokezi.

Halafu nikafanya kosa. Nikafungua picha ya Ernest Cole. Mnaijua. Cole alikuwa kijana mweusi wa hapa aliyepiga picha za ubaguzi kwa siri siri, akakimbilia Marekani na kuzitoa katika kitabu, "House of Bondage", mwaka 1967. Kitabu kikapigwa marufuku Afrika Kusini, naye akafa New York mwaka 1990 bila kurudi. Mwaka 2017 maelfu kwa maelfu ya negativu zake zilitolewa kwenye benki moja Stockholm na kurudishwa kwa familia yake, na tangu hapo kazi yake imesambaa upya. Picha yenyewe ni ya wanaume waliopangwa mstari, uchi kabisa, wametazama ukuta na mikono juu, wanapimwa afya. Nimeifundisha darasani mara nyingi. Wanafunzi husema inaonyesha unyama wa mfumo, nami huwapa alama.

Mzee akanyamaza. Akasema, "Funga hiyo." Nikafunga. Mama akatoka nje kama aliyekumbuka chungu jikoni. Tulipobaki wanaume wawili, mzee akaongea taratibu. Wazungu kukuona uchi, alisema, hilo lilikuwa baya lakini lilivumilika, kwa sababu Mzungu ni mtu wa mbali. Ubaya ulikuwa kwamba kwenye mstari mmoja walikuwamo vijana na watu wa umri wa baba zao. "Kulia kwangu alisimama mtu ambaye kwetu nisingethubutu hata kula naye. Nikamwona. Naye akajua nimemwona. Tulikaa mgodi mmoja miezi mingi, hatukusalimiana tena kwa kutazamana usoni. Soni ile haikuisha hata tuliporudi."

Waliosoma anthropolojia wataelewa kwa nini nilishikwa na baridi. Monica Wilson, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, na mumewe Godfrey walifanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Kitabu chake cha mwaka 1951, "Good Company", ndicho kilichowafanya Wanyakyusa kuwa maarufu vyuoni duniani, kwa habari ya vijiji vya marika: vijana wakikua wanahama nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao. Na sababu mojawapo wanayoitoa wenyewe ni heshima, kwamba wazazi na watoto wasionane katika mambo ya faragha. Jamii nzima ilijipanga ardhini, kijiji kwa kijiji, ili kizazi na kizazi wasivuliane nguo. Halafu wakaja kupangwa mstari mmoja Johannesburg. Nilikuwa nimeisoma "Good Company" mara tatu. Nilikuwa nimeifundisha picha ya Cole kwa miaka. Sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili mezani pamoja mpaka mzee mmoja aliponiambia nifunge kompyuta.

Picha ya Cole ilipigwa wakati ambao watu wetu walikuwa wamekwisha kuacha kuja, au karibu kuacha. Sisemi kuwa mmoja wa wale ni Mnyakyusa. Ninachosema ni kwamba maelezo ya picha, hata yakiwa sahihi kwa mwaka, mahali na mpiga picha, yalikuwa hayajagusa jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa Rungwe, kifuani mwa mtu wa miaka 79, nalo lilikuwa linakohoa.

Nataja kukohoa kwa sababu nyaraka hizi si mapambo. Mwaka 2019 mahakama kuu ya hapa Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu, na mfuko uitwao Tshiamiso ukaundwa kuyatekeleza. Makubaliano hayo yanahusu waliofanya kazi katika migodi husika kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Piga hesabu mwenyewe. Watu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kurudi. Kwa Wamalawi na Wamsumbiji wengi, karatasi moja ya zamani yenye namba na jina lililoandikwa vizuri ni tofauti kati ya kulipwa na kutolipwa. Kwa wa kwetu, kilichobaki ni haki ya kujulikana kuwa walikuwapo.

Sasa najua wapo watakaosema, kama walivyoniambia wenzangu wa hapa, kwamba suluhisho ni kuziondoa picha za namna ile mtandaoni. Wengine watasema kinyume: historia ni ya wote, aibu ni ya waliowavua nguo na si ya waliovuliwa. Hoja ya pili ina nguvu na kwa muda mrefu ilikuwa yangu. Lakini mzee hakuniambia nichome picha. Alisema nifunge, kwa sababu mwanamke alikuwa chumbani, halafu akaniambia habari ambayo hajawahi kumwambia mtu. Nilipomwuliza kama naweza kuiandika alifikiri, akasema niandike mstari lakini nisiandike majina, lake wala la yule wa kulia kwake. Hapo nilijifunza kwamba jina lina wakati wa kutajwa na wakati wa kusitiriwa, na mwenye kuamua ni mwenye jina. Yule karani wa Wenela hakumwuliza. Anayeskani leo, pamoja na nia yake njema, mara nyingi naye hamwulizi.

Kurudisha majina kunawezekana. Wilson na mumewe walifanya kazi na karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo. Kwa miongo mingi alikuwa kivuli tu nyuma ya vitabu. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, na Mwaisumo akapata sura yake kama mtu aliyefikiri na si mdomo wa kukodi. Kilichowezesha hilo ni karatasi za akina Wilson, barua, madaftari na picha, zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulipotoka mlimani na kuteketeza ukumbi wa Jagger wa chuo hicho, nilishinda siku nzima nimekodolea simu. Sehemu kubwa ya nyaraka zilizokuwa ghalani chini ya ardhi iliokolewa, nyingine zikiwa zimelowa, lakini vitabu na filamu nyingi sana za Afrika viligeuka majivu. Kwa hiyo asije mtu akadhani napinga kuskani. Tuskani, tena haraka. Lakini nakala isiyo na jina ni namba 1139 iliyozidishwa mara elfu.

Nirudi kwa mjomba. Nimesema alituma barua moja. Nilipokuwa mwanafunzi niliisoma kwa tamaa ya mtafiti nikaidharau. Ni ukurasa mmoja, Kiswahili cha shule ya misheni, kwa penseli. Kuhusu mgodi hakuna neno: si kina, si vumbi, si mshahara, si wakubwa wa kazi. Anasema ni mzima, anaomba dua, kisha anasalimia. Msalimie fulani, na fulani, na mke wa fulani, na mtoto wa fulani kama amekwisha kupona, na mzee fulani mwambie sijasahau. Watu 23, kila mmoja kwa jina lake kamili na uhusiano wake. Niliandika pembeni mwa daftari langu wakati ule: haina maana kihistoria.

Mungu anisamehe. Mtu aliyeitwa kwa namba kutwa nzima, jioni aliketi kitandani pa zege akaandika majina 23. Hiyo ndiyo nyaraka yake, aliyoitunga mwenyewe, kwa lugha aliyoichagua, akijua nani ataisoma. Mimi nilikuwa nikipekua orodha za mwajiri wake kutafuta jina moja, na muda wote huo barua ilikuwa kwenye sanduku la mama.

Mama alifariki mwaka 2019. Mjomba sijampata. Nimepata watu wawili ambao huenda mmoja wao ni yeye, kila mmoja ameandikwa vibaya kwa namna yake. Sitamzika mtu kwa kubahatisha. Lakini kabla mama hajaondoka tulikaa siku mbili na barua ile na picha ile ya studio, mjomba na kofia yake na sigara asiyoivuta, nyuma yake bustani iliyochorwa kwenye kitambaa. Mama akanisimulia mmoja mmoja wale 23 ni nani, aliolewa wapi, alikufa lini, watoto wako wapi. Nimemrekodi saa sita na ushee, kwa Kinyakyusa na Kiswahili. Nimeandika tafsiri na maelezo. Nyuma ya picha, kwa penseli laini isiyoharibu karatasi, nimeandika jina la mjomba kama sisi tunavyolitamka, jina la baba yake, kijiji, na mwaka aliotoka.

Ombi langu ni dogo. Wengi wetu tuko vyuoni, kutoka Ulaya na Marekani hadi Muscat, na tuna funguo za hifadhi hizi ambazo ndugu zetu nyumbani hawana. Safari nyingine ukienda likizo, chukua picha kumi tu za eneo lenu. Waonyeshe wazee, faragha, na uwe tayari kufunga. Sikiliza, rekodi kwa idhini, kisha mwandikie mwenye hifadhi umweleze: mtu huyu ana jina, na ngoma hii inaitwa hivi, na picha hii wenyewe wanaomba isiwekwe ukurasa wa mbele. Mimi nimeandika barua za namna hiyo saba. Nne zimejibiwa, na kwa picha mbili maelezo yamebadilishwa. Mbili si nyingi. Lakini katika moja ya hizo, pale palipokuwa pameandikwa "mwanamke mwenyeji", sasa pana jina la bibi wa watu, na wajukuu zake wamenipigia simu kutoka Kyela kuniambia kuwa wameliona.

Naomba kuwasilisha.